Mfalme Hakuungama

Kwaresima yote ya mwaka ule Guillemette Varlet alikuwa akiiba kinyumenyume. Hayo ni maneno ya mlinzi wa msitu, alipomkuta alfajiri moja akitua mzigo wa kuni chini ya mwaloni na kugeuka kwenda zake mikono mitupu. Mlinzi alimwuliza kama amerukwa na akili. Guillemette akamjibu kwamba akili anazo, anafanya malipizi tu, na bado imebaki mizigo minne.

Kisa chenyewe kilianzia shingoni mwa binti yake. Aubine alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu sikukuu ya Watakatifu Wote alikuwa na ugonjwa wa mfalme. Matezi yalimvimba upande wa kushoto kama yai la kuku na upande wa kulia kama yai la njiwa, na kufikia Januari hakuweza kumeza mkate mpaka ulowekwe kwenye supu. Kinyozi wa kijiji, ambaye ndiye aliyepasua majipu na kung'oa meno, alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema dawa ni chuma cha moto. Akasema angekuja baada ya Pasaka.

Guillemette alikijua chuma hicho. Miaka sita nyuma kiliwekwa shingoni mwa Josse, mwanawe mkubwa, na siku ya tisa Josse akazikwa.

Lakini ugonjwa huo ulikuwa na dawa nyingine, na ndiyo maana ukaitwa ugonjwa wa mfalme. Tangu siku alipotawazwa na kupakwa mafuta matakatifu kule Reims, Louis, mfalme wa Ufaransa, alikuwa na mikono isiyo ya kawaida. Katika sikukuu kubwa, akiisha kuungama na kupokea komunyo, alipita kati ya wagonjwa waliopiga magoti, akawawekea ishara ya msalaba usoni mmoja mmoja, akasema, "Mfalme anakugusa, Mungu anakuponya." Hivyo walifanya baba zake na baba za baba zake. Kijijini hapakuwa na mtu aliyelitilia shaka jambo hilo, kama vile hapakuwa na aliyeshuku kwamba ngano hutoka kwenye mbegu.

Kwenda kwa mfalme kulihitaji cheti cha paroko, chenye kueleza kwamba mgonjwa hajawahi kuguswa, kwa sababu mtu aliguswa mara moja tu maishani. Paroko wao, Padri Hardouin, hakukataa kukiandika. Aliongeza sharti lake mwenyewe. Alisema mkono wa mfalme haufanyi kazi juu ya uchafu, hivyo binti aungame na mama naye aungame, na malipizi yakamilike kabla ya safari. Aubine aliungama kwamba aliwahi kumtamania mkwe wa jirani viatu vyake. Mama yake aliungama kuni.

Alikuwa ameiba mizigo saba katika msitu wa bwana wa kijiji, majira ya baridi yaliyofuata kifo cha mumewe. Padri akamwambia azirudishe. Guillemette akasema alishazichoma. Padri akasema basi atarudisha nyingine.

Mizigo mitatu aliiokota kwenye vichaka vya kando ya njia, kijiti kwa kijiti. Vichaka vilipoisha, alichukua shoka akaukata mtofaa wa uani, mti mmoja aliokuwa nao, uliopandwa na marehemu mumewe siku Josse alipozaliwa. Ulitoa mizigo minne kamili. Aubine alisimama mlangoni, shingo imefungwa kitambaa, akautazama mti unavyoanguka. Mama yake hakulia. Alijiambia kwamba mti ni mti na mtoto ni mtoto, na kwamba huko Versailles, kwenye ikulu ya mfalme, kuna mtu ambaye naye, wiki hiyohiyo, anapiga magoti mbele ya padri wake ili mikono yake iwe safi. Wazo hilo lilimfariji sana. Alimwombea mtu huyo kila jioni ili aungame vizuri.

Walitembea siku saba. Siku mbili za mwisho walipita kwenye barabara mpya ya mfalme, pana na iliyonyooka, mawe yake yamepangwa vizuri kama meno. Guillemette aliyatazama mawe hayo kwa namna yake. Vijiji vyote vililazimishwa kuijenga, kila nyumba ikitoa mwanamume wake bila ujira, na kwake alitoka mumewe. Mkokoteni wa mawe ulirudi nyuma ukamlalia kifuani. Hapakuletwa hata salamu ya pole. Hata hivyo alitembea juu ya barabara ile bila kulaani, maana alikuwa katika neema na hakutaka kuipoteza njiani.

Ijumaa Kuu jioni walifika. Mji ulikuwa umejaa, na mfuaji mmoja aitwaye Mathurine, aliyefua vitambaa vya meza za ikulu, aliwaonea huruma akawapa nafasi kwenye banda lake, kati ya mapipa ya majivu ya kufulia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, na mdomo usiopumzika. Alipoelezwa walichokuja kufanya alinyamaza ghafla. Kisha akasema tu kwamba yeye angekuwa wao angelala, asiweke matumaini mengi. Guillemette alidhani ni uchovu unaosema.

Asubuhi ya Jumamosi Kuu waliingizwa kwenye ukumbi mrefu wa chini, mahali ilipohifadhiwa michungwa ya mfalme wakati wa baridi. Miti ilikuwa bado humo ndani, kila mmoja kwenye kasha lake lililopakwa rangi, na wagonjwa walipangwa mistari miwili katikati ya makasha. Guillemette aliona kwamba miti ilikuwa na majani mabichi, na kwamba palikuwa na jiko la moto kwa ajili yake. Wagonjwa walikuwa zaidi ya mia mbili. Harufu ya vidonda ilichanganyika na harufu ya maua ya michungwa, na ikawa mbaya kuliko kidonda chenyewe.

Tabibu alipita na fimbo, akiwainua videvu. Nyuma yake alikuja karani, Bwana Delorge, kijana mwembamba mwenye wigi lililonyunyiziwa unga, akibeba kijimeza kilichofungwa kwa mkanda shingoni. Alichukua vyeti, akaviandika maneno mawili matatu, akagonga muhuri na kuvirudisha. Alifanya kazi haraka, bila kuwatazama watu usoni. Mtu mmoja aliuliza anaandika nini, akajibiwa kwamba anaandika kinachopaswa kuandikwa.

Kisha wakaambiwa wapige magoti.

Jirani yao upande wa kulia alikuwa mzee kutoka karibu na Amiens, Firmin Leleu, aliyemleta mjukuu wake wa miaka mitano. Mzee huyo alikuwa mwimbaji wa kanisa, alijua kusoma, na alikuwa na kovu jeupe chini ya sikio. Alimwonyesha Aubine kovu hilo kwa fahari. Aliguswa akiwa mtoto na mfalme mkuu, babu wa baba wa huyu wa sasa, humuhumu Versailles. Akasimulia jinsi mfalme yule alivyowavunja nguvu mabwana wakubwa, watu ambao baba zao walikuwa na ngome na majeshi yao, mpaka wakawa wanagombania heshima ya kumshikia shati asubuhi. Neno lake lilikuwa sheria kuanzia bahari hadi milima. Hapakuwa na bunge wala askofu wala jaji wa kumwuliza kwa nini.

"Lakini kugusa aligusa," mzee akasema. "Miguu imemvimba, anabebwa kwenye kiti, mwaka wake wa mwisho kabisa, na bado aliwagusa watu zaidi ya elfu kwa siku moja. Hilo lazima umpe, mama. Alichukua kila kitu, ila siku ya kugusa alikuja."

Wakangoja. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Kengele zilikuwa kimya kwa sababu siku hizo hazipigwi mpaka Pasaka, hivyo walipima muda kwa mwanga uliokuwa ukihama juu ya sakafu. Mjukuu wa mzee alisinzia akiwa amepiga magoti, kichwa kwenye kasha la mchungwa. Aubine alikuwa hajala tangu Alhamisi, kwa kufunga na kwa koo. Mama yake alimshika kiuno akamnong'oneza kwamba mfalme lazima ana dhambi nyingi kuliko watu wa kawaida, kwa hiyo kuungama kwake lazima kuchukue muda.

Saa nane mlango ulifunguliwa. Aliingia Bwana Delorge peke yake, bila kijimeza, akasimama penye ngazi. Akatangaza kwamba mfalme hajisikii vizuri na hatagusa mwaka huu. Akawatakia Pasaka njema. Mlangoni kila mmoja angepewa sadaka yake kama kawaida.

Kwa muda hakuna aliyeinuka. Watu waliokaa magotini kwa muda wa saa tano hawasimami kwa neno moja. Kisha wakaanza kujizoa, wakisaidiana, bila kelele. Hilo ndilo lililomchoma Guillemette baadaye kila alipolikumbuka: jinsi walivyotoka kimya, kama watu waliokuja kuomba radhi.

Huko nje, kwenye uwanja wa chini ya ukuta, Mathurine alikuwa anapita na kikapu cha vitambaa kichwani. Guillemette alimkimbilia akamwuliza kama mfalme anaumwa sana, maana angependa kumwombea. Mathurine alitua kikapu. Akatazama huku na kule, akavuta kitambaa kimoja chenye madoa ya mchuzi.

"Hiki ni chake cha jana. Samaki watatu peke yake, na juu yake akaomba njegere. Mgonjwa gani huyo, mama? Angekuwa mume wangu ningempeleka shambani."

Akaeleza yaliyobaki kwa sauti ya chini, ingawa ikulu nzima iliyajua. Mfalme alikuwa na mwanamke, na huyo mwanamke alikuwa mke wa mtu. Padri wake alimwambia hawezi kumwondolea dhambi mpaka amwache. Mfalme hakutaka kumwacha. Bila kuondolewa dhambi hakuna komunyo, na bila komunyo hawezi kugusa. Basi akaamua kutoungama kabisa. Jumatatu wataenda kuwinda. Mbwa walikuwa wameshaandaliwa.

Mzee Firmin, aliyekuwa amewafuata na mjukuu mgongoni, alijaribu kumtetea. Alisema angalau mfalme ana hofu ya Mungu, hakupokea komunyo kwa uongo kama wengine ambao wangeipokea ili wasionekane. Huo nao ni uaminifu.

Guillemette alimgeukia. "Na uaminifu huo anaulipia nani, mzee wangu? Yeye au huyo mgongoni kwako?"

Mzee alimrekebisha mtoto mgongoni, kisha akaomba aone cheti cha Aubine kama kiko salama kwa ajili ya Pentekoste, sikukuu nyingine ya kugusa. Alikifunua, akakisoma, akakisoma tena midomo ikicheza. Akatoa na cha mjukuu wake.

"Mama Varlet," akasema. "Wameandika ameguswa."

Alikuwa sahihi. Chini ya mwandiko wa Padri Hardouin palikuwa na wino mpya na muhuri: *Ameguswa na Mfalme, Jumamosi Kuu, mwaka 1739.* Kwa kawaida mfalme alipita haraka siku ya kugusa, na Bwana Delorge, ili asikimbizane naye, alikuwa na desturi ya kujaza vyeti vyote asubuhi. Miaka yote desturi hiyo haikumletea shida. Na aliyeguswa mara moja hagusiki tena. Pentekoste, na Watakatifu Wote, na Krismasi, na hadi mwisho wa maisha yake, Aubine angefukuzwa mlangoni kwa karatasi yake mwenyewe.

Guillemette alirudi ndani. Askari wa mlangoni alimwambia kazi imekwisha. Akamjibu kwamba haijaanza, akapita chini ya mkono wake. Mzee alimfuata, na Aubine, na watu kumi na tano au ishirini waliokuwa wamesikia habari ya vyeti. Bwana Delorge alikuwa akikusanya kalamu zake kwenye kasha. Guillemette aliweka cheti mbele yake, akamwomba kwa heshima zote afute yale maneno.

Karani alieleza kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la wazi, kwamba haiwezekani. Maneno yakishawekewa muhuri wa mfalme ni maneno ya mfalme, na hakuna anayeyafuta ila mfalme.

Guillemette akasema basi aitwe mfalme.

Wengine walicheka nyuma yake. Karani hakucheka. Alisema mfalme hajisikii vizuri.

"Lakini hakumgusa, bwana. Ulikuwepo. Hawa wote walikuwepo."

"Kwa mujibu wa karatasi, amemgusa."

"Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi amepona?"

Karani akasema hilo ni la Mungu, haliko kwenye ofisi yake. Akamshauri asifanye fujo, kwa kuwa yeye hana ubaya naye, lakini wapo watu ndani ya nyumba hii ambao kwa karatasi moja tu, yenye muhuri kama huo, wanaweza kumweka mtu gerezani bila hakimu, na asijue siku ya kutoka. Hakusema kwa vitisho. Alisema kwa huruma kabisa, na hapo ndipo kitu kilipochanika ndani ya Guillemette.

Alikuwa ameunyamazia mkokoteni wa mawe na barabara yote aliyoikanyaga. Hakulalamika hata mtofaa ulipoanguka. Sasa aliviona vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja, na mwisho wa mstari ameketi mtu anayekula njegere.

"Alipotaka mawe barabarani, alimpata mume wangu," akasema. Hakupaza sauti. "Siku hiyo hakuumwa. Alipotaka kodi ya chumvi hakuumwa. Mimi ninayeokota vijiti nimeungama, bwana. Nimekata mti wangu nikaurudisha kwa tajiri mwenye msitu mzima, ili mtoto wangu aguswe na mkono safi. Huyu mtoto ameungama viatu. Viatu. Yeye alikuwa na jambo moja la kufanya, moja tu, apige magoti kama sisi. Halafu mnaniambia neno lake linafika kila mahali. Linafika wapi? Limeshindwa kufika kitandani kwake mwenyewe."

Askari mlangoni alitazama ncha za viatu vyake.

Guillemette alimgeuza Aubine awe mbele yake. Binti alijua kinachokuja kabla hakijaja, akatikisa kichwa kidogo kwa hofu, kisha akapiga magoti yake yaliyochubuka juu ya sakafu ileile. Mama alifungua kitambaa cha shingoni. Aliomba kwanza, macho yamefumbwa, kwa muda mrefu kuliko ambavyo watu walitegemea, naye hakuona aibu kwa urefu wake. Alimwambia Mungu kwamba mikono hii haikupakwa mafuta yoyote, ina sugu na ilishawahi kuiba, lakini imerudisha. Kisha akachora msalaba kutoka paji la uso hadi kidevuni, na kutoka shavu hadi shavu.

"Mama yako anakugusa," akasema. "Mungu anakuponya."

Bwana Delorge alisimama. Alisema hayo ni maneno ya mfalme, hayasemwi na mtu mwingine, na kwamba yuko radhi asiwe amesikia kama wataondoka mara moja. Guillemette alijibu kwamba karani amesikia vizuri. Mwanamke mmoja mwenye kidonda shavuni alimvuta upindo wa sketi, akamwomba amguse naye. Mzee Firmin naye alikuwa ameshamshusha mjukuu mgongoni, akimleta mbele.

Guillemette akarudi nyuma hatua moja, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. "Mimi siyo mfalme wenu," akasema. "Mzee, una mikono. Si uliungama? Mguse wako."

Mzee alisita. Alijishika kovu lake chini ya sikio, kwa vidole viwili, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mfalme aliyemgusa hapo. Halafu akainama. Mwanamke wa kidonda aliguswa na dada yake. Baba mmoja kutoka Beauce alimgusa mkewe, akasahau maneno, akasema Baba Yetu badala yake. Pale katikati ya michungwa ya mfalme, watu ishirini walikuwa wakigusana nyuso, wengine wakilia, na sauti zao hazikulingana kama za kwaya ambayo haijafanya mazoezi. Askari alivua kofia. Baadaye, akiulizwa, angeweza kusema alisikia joto tu.

Karani alichukua kalamu, akauliza jina la mwanamke yule.

"Guillemette, mjane wa Varlet. Andika vizuri. Na nashukuru, bwana, safari hii unaandika baada ya jambo kutendeka."

Haikujulikana kama aliandika. Hakuna aliyekuja kumtafuta Guillemette. Mlangoni alipita mbele ya mtoa sadaka bila kunyoosha mkono, ingawa njia ya kurudi ilikuwa siku saba na mkate wao ulikuwa wa siku tatu. Mathurine aliwajazia kikapu kwa mabaki ya meza ya ikulu. Guillemette alitoa njegere akazirudisha, akachukua mkate.

Walipofika nyumbani kinyozi alikuwa ameshatia chuma chake kwenye mfuko, anangoja kuitwa. Guillemette alimwambia hataitwa. Aliosha shingo ya mtoto kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, akabadilisha kitambaa kila siku, na kila alipobadilisha alichora msalaba ule ule. Kabla ya mavuno tezi la kushoto lilipasuka lenyewe, likatoa usaha siku nne, likakauka. La kulia halikuondoka. Lilibaki dogo na gumu maisha yote ya Aubine. Lakini alimeza mkate mkavu. Watu walipomwuliza mama yake kama huo ni muujiza, alisema aulizwe Mungu, yeye anajua tu kwamba kesho ni siku ya kuosha tena.

Padri Hardouin alizipata habari, maana zilisafiri kwa mwendo wa watu ishirini. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda karibu na kisiki cha mtofaa. Alikuwa amekasirika na amehuzunika kwa pamoja. Akasema yuko tayari kuandika cheti kingine, aeleze kosa la karani, binti apelekwe tena Pentekoste kwa ajili ya lile tezi lililobaki. Lakini Guillemette aungame kwamba alichukua maneno ya mfalme.

Guillemette alikuwa anachambua maharage. Hakuacha. Alisema kuni aliziungama kwa sababu zilikuwa na mwenyewe. Maneno yale hayakuwa ya mfalme. Mfalme aliyaachia sakafuni, na yeye aliyaokota mahali ambapo watu mia mbili walikuwa wanayahitaji. Kama hiyo ni dhambi, Padri amwonyeshe malipizi yake ni yapi, na ayarudishe wapi.

Padri akauliza kama tangu sasa hatamwombea mfalme, kwa sababu kila Jumapili, mwisho wa misa, parokia nzima humwombea kwa jina.

"Namwombea," akasema Guillemette. "Nitamwombea palepale ninapomwombea mlevi wetu Baptistin, na yule binti wa kinu aliyetoroka na mume wa watu. Mungu awape wote ujasiri wa kuungama. Hapo mwanzo nilikuwa namwombea kivyake."

Padri akasema mfalme hawezi kuwekwa kwenye kundi hilo.

"Amejiweka, Padri. Mimi nimemkuta huko."

Jumapili iliyofuata, padri alipoimba dua ya mfalme, Guillemette alisimama kama wengine. Aubine, kando yake, alimsikia mama yake akitaja majina kwa kunong'ona, moja baada ya jingine, bila kubadilisha sauti. Baptistin. Binti wa kinu. Louis.